Askari wa Tarakilishi na Ramani ya Thimlich Ohinga

Katika toleo hili nimepewa kurasa chache nieleze jambo ambalo limezua ubishi mkubwa katika kidato chetu tangu muhula wa kwanza. Swali lenyewe ni hili: wale askari wanaoendeshwa na tarakilishi katika michezo ya vita vya ramani, je, wanafikiri?

Wapo wanaoapa kuwa wanafikiri. "Kompyuta inakuona hata ukijificha, bana," ndivyo wanavyosema. Wapo hata wanaodai kuwa ndani yake mna jini. Mimi nasema hawafikiri. Wanafuata amri walizopewa, na ramani ndiyo inayowafanya waonekane werevu au wajinga. Nitajaribu kulithibitisha hilo hatua kwa hatua. Hata kama hujawahi kugusa tarakilishi, usifunge ukurasa. Utahitaji tu daftari la hesabu lenye miraba, penseli, na punje chache za maharagwe na mahindi. Stima ikipotea, somo halipotei.

Ubishi huu si wa kupoteza wakati. Chama chetu kilikubaliana kuchora ramani ya mchezo kuhusu Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyo hapa Migori, ili tuionyeshe siku ya wazazi. Katika kuichora tulikaribia kukosana vibaya. Kisa hicho nitakieleza mbele, kwa sababu hakieleweki vizuri kabla ya kujua askari wa tarakilishi ni kiumbe wa namna gani.

MCHEZO WA RAMANI NI NINI?

Katika mchezo wa aina hii mchezaji hupewa nchi ndogo iliyochorwa kwenye kioo cha tarakilishi. Mna mito, misitu, vilima, wanyama na watu. Yeye hujenga nyumba, hulima, huchimba dhahabu na kuajiri askari. Upande wa pili huwa na mchezaji mwenzake au tarakilishi yenyewe. Mfano unaojulikana sana ni Age of Empires II, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Ensemble Studios ya Marekani na kutolewa mwaka 1999. Upo pia 0 A.D., ambao hupatikana bila malipo. Yote miwili ina sehemu ya kujichorea ramani. Hapo mchoraji huamua mto upite wapi, ukuta usimame wapi, na kila askari aanze akiwa katika hali gani.

Neno hilo "hali" ndilo msingi wa somo letu. Katika Age of Empires II askari huweza kuwekwa katika hali nne. Ya kwanza ni ya ushari: akimwona adui, humfukuza. Ya pili ni ya kujihami: humfuata adui umbali mfupi, kisha hurudi alipokuwa. Ya tatu ni ya kusimama imara: haondoki mahali pake, na humpiga yule tu anayefikiwa na silaha yake. Ya nne ni ya kutoshambulia kabisa. Basi! Huyo unayemwogopa kumbe ana mambo manne tu.

Hata wanyama wa mchezo huo wana amri zao. Mbwamwitu humrukia mtu anayemkaribia. Nguruwe mwitu hana habari nawe mpaka umchokoze. Ukimpiga mshale, hukufuata wewe uliyempiga. Paa hukimbia. Kondoo naye huwa mali ya yule aliyemwona kwanza. Mchezaji mgeni akiona hayo yote kwa pamoja husema, "Lo! Msitu huu una uhai." Lakini ukimchukua kila mnyama peke yake, utakuta amri moja au mbili.

Mfano wa zamani zaidi ni Pac-Man, mchezo uliotoka Japani mwaka 1980. Ndani yake mna mizuka minne inayomkimbiza mchezaji. Mzuka mwekundu huelekea pale ulipo. Wa waridi hulenga miraba minne mbele yako, kule unakoelekea. Wa rangi ya chungwa hukufuata akiwa mbali, lakini akikaribia kwa miraba minane hugeuka na kurudi pembeni kwake. Mchezaji huhisi kwamba mizuka hiyo imekula njama ya kumzingira. Hakuna njama yoyote. Kila mmoja anafuata kanuni yake, na kuta za uwanja ndizo zinazowakutanisha.

ASKARI HUTAFUTAJE NJIA?

Watu wengi hushangaa jinsi askari anavyozunguka ziwa au mlima bila kuonyeshwa. Hapa pia hamna uchawi. Mwaka 1968 wataalamu watatu wa Marekani, Hart, Nilsson na Raphael, walichapisha njia ya kuhesabu ambayo hutumika katika michezo mingi mpaka leo. Nitaieleza kwa safari tunayoijua.

Tuseme uko Migori mjini nawe unataka kwenda Homa Bay. Ukipiga mstari ulionyooka kama anavyoruka kunguru, ni takriban kilomita 60 kuelekea kaskazini. Lakini wewe si kunguru, wewe ni abiria wa matatu. Barabara kuu itakupeleka kwanza Awendo, kisha Rongo iliyo upande wa mashariki kidogo, ndipo ukate kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay. Unajuaje kwamba njia hiyo ni nzuri?

Tarakilishi hufanya hivi. Kwa kila mahali inapopafikiria, hujumlisha hesabu mbili. Ya kwanza ni umbali uliokwisha kusafiriwa kutoka mwanzo. Ya pili ni makisio ya umbali uliobaki, ukipimwa kwa mstari ulionyooka. Kisha huchagua mahali penye jumla ndogo zaidi na kuendelea kuchunguza kutoka hapo. Ikikuta njia imezibwa, hurudi kwenye jumla ndogo inayofuata. Kwa hiyo haitapoteza muda mwingi ikichunguza barabara ya kwenda Isebania, maana kila hatua ya upande huo huongeza jumla zote mbili: umesafiri, na bado umezidi kuwa mbali na Homa Bay.

Tazama basi jambo hili muhimu. Askari hajui kwamba daraja ni zuri au kwamba bonde lina hatari. Anajua gharama tu. Mchoraji wa ramani akifanya kinamasi kiwe cha gharama kubwa, askari atakizunguka. Akiacha pengo moja tu katika ukuta mrefu, askari wote mia moja watalikimbilia pengo hilo hilo, wasongamane kama sisi tunavyosongamana langoni jioni kengele ikilia. Mchoraji hakuwaambia wasongamane. Alichora pengo moja, basi.

ZOEZI LA MIRABA

Sasa chukua daftari lako. Chora miraba 10 kwa 10. Hesabu safu kutoka chini kwenda juu, na nguzo kutoka kushoto kwenda kulia. Katika safu ya 5 paka ukuta mzima, ila acha mraba wa nguzo ya 5 ukiwa wazi. Hilo ndilo lango. Weka punje ya haragwe katika nguzo ya 5, safu ya 6. Huyo ndiye mlinzi, yuko ndani ya lango. Weka punje mbili za mahindi chini ya ukuta. Hao ndio wavamizi. Wavamizi hutangulia kucheza, mlinzi hufuata, na kila mmoja husogea mraba mmoja kwa zamu. Mlinzi huona miraba 3 tu.

Jaribio la kwanza: mpe mlinzi hali ya ushari. Kanuni yake ni kwamba akimwona adui, amsogelee. Akiwa kando yake, ampige. Mvamizi mmoja na asimame katika nguzo ya 5, safu ya 3. Yuko miraba 3 kutoka kwa mlinzi, kwa hiyo ameonekana. Mlinzi anasogea, umbali unakuwa 2. Mvamizi anarudi nyuma hatua moja, umbali unakuwa 3 tena. Mlinzi anasogea. Mvamizi anarudi nyuma. Endelea hivyo, na ukifika mwisho wa ramani mzungushe pembeni. Mlinzi hatamfikia kamwe, wala hatachoka kumfuata, kwa maana hakuna kanuni iliyomwambia achoke. Wakati huo mvamizi wa pili, ambaye amekaa mbali asionekane, anaingia langoni taratibu. Ng'ombe wamekwenda!

Jaribio la pili: mpe hali ya kujihami. Ongeza kanuni kwamba asiende zaidi ya miraba 2 kutoka mahali pake, na kwamba asipomwona adui arudi. Sasa hapotei. Lakini mchokozi akija anatoka, mchokozi akijitenga anarudi, mchokozi akija tena anatoka tena. Mtu wa kweli angesema mara ya tatu, "Huyu ananichezea." Mlinzi wetu hasemi hivyo hata mara ya mia. Hana kumbukumbu, maana hukumpa.

Jaribio la tatu: mpe hali ya kusimama imara. Sasa hatoki. Lakini mpe mvamizi upinde unaofika miraba 4. Mvamizi anasimama katika nguzo ya 5, safu ya 2, na kurusha mshale kupitia langoni. Mlinzi haoni zaidi ya miraba 3. Atapigwa mpaka aanguke, na hatasogea hata kidogo.

Umeona, msomaji? Kila kanuni ina tundu lake. Na hii ndiyo sababu mchezaji aliyezoea huishinda tarakilishi: hupeleleza kwanza askari yuko katika hali gani, kisha hutafuta tundu la hali hiyo. Kwa nini basi tarakilishi hutushinda mara nyingi? Kwanza, ina kasi. Huamuru askari mia wakati wewe unaamuru mmoja. Pili, haisahau kulisha mifugo wala kuajiri wafanyakazi. Tatu, katika michezo kadhaa hupewa mali ya ziada pindi unapochagua kiwango kigumu. Kwa mfano, katika michezo ya Civilization viwango vya juu huipa tarakilishi nafuu ambazo mchezaji hana. Huo si werevu. Ni sawa na mwenzako kuanza mbio akiwa mita 20 mbele yako.

Rudi sasa kwenye jaribio la tatu, halafu badala ya kubadilisha mlinzi, badilisha ramani. Mhamishe mlinzi mraba mmoja kando, nguzo ya 6, safu ya 6, nyuma ya ukuta. Mshale unaoingia langoni haumpati, kwa kuwa ukuta umemkinga. Anayetaka kuingia ni lazima apite mraba wa lango, na akifika hapo yuko kando ya mlinzi, pembe kwa pembe. Mlinzi yule yule asiyefikiri, mwenye kanuni ile ile, ghafla amekuwa hodari! Akili ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ukuta.

MAWE YA THIMLICH OHINGA

Hapa ndipo nilipoielewa ngome yetu. Thimlich Ohinga iko yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya Migori mjini. Inaaminika ilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zimejengwa kwa mawe makavu, yaani mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene ni kati ya mita 1 na 3. Kuna maboma makubwa yenye majina: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliiingiza ngome hii katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Malango yake ni mafupi na membamba. Anayeingia huinama. Sasa mfikirie mvamizi aliyeinama, mkuki mkononi, hawezi kuutupa, hawezi kuangalia juu, na wenzake wamesongamana nyuma yake. Mlinzi mmoja kando ya lango anatosha. Waliojenga hawakuwa na tarakilishi wala daftari la miraba, lakini walijua lile ambalo mchoraji wa ramani wa leo hujifunza kwa taabu: usimtegemee mlinzi awe shujaa kila usiku. Panga mawe hata mlinzi wa kawaida, mwenye usingizi, aweze kulinda watu na mifugo.

Kwa hiyo katika ramani ya chama chetu tuliamua kufuata ukweli. Lango liwe la mraba mmoja. Walinzi wasiwe wa hali ya ushari. Ng'ombe wawe ndani, katikati.

ADUI NI NANI?

Sasa nifike kwenye kile kisa. Katika kila ramani ya namna hii kuna jedwali la uhusiano. Mchoraji huandika upande huu na upande ule ni marafiki, maadui, au hawana neno. Askari wa tarakilishi husoma jedwali hilo tu. Hamchukii mtu. Ukiandika "adui", atampiga. Ukifuta na kuandika "rafiki", papo hapo atamwacha apite. Chuki yote imo katika neno moja lililoandikwa na mchoraji.

Mwenzetu mmoja alikuja na mchoro aliouandaa nyumbani. Ngome aliipaka buluu na kuandika "Sisi". Nje ya ukuta alipaka nyekundu, akaandika majina ya jamii jirani, akaweka alama ya adui. Alifanya hivyo bila ubaya, nadhani. Mchezo lazima uwe na adui, sivyo? Darasani kwetu wamo Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waabagusii na wengine. Msichana mmoja Mkuria aliutazama mchoro ule kimya, kisha akauliza, "Na mimi je, siku ya wazazi mama yangu akija, mtamwonyesha kwamba sisi ndio wekundu?"

Hakuna aliyejibu. Kijana mmoja alijaribu kucheka, akaacha.

Mwalimu mlezi wetu hakutugombeza. Alituambia tukasome kwanza ngome yenyewe ilikaliwa na nani. Tulichokikuta kilivuruga rangi zetu zote. Historia ya mahali hapa inaeleza kwamba waliokaa humo hawakuwa watu wa kabila moja. Walianza watu wa lugha za Kibantu, baadaye wakaja Waniloti, na waliofuata waliendelea kuzitengeneza kuta zilizojengwa na waliowatangulia. Yaani yule tuliyetaka kumpaka nyekundu nje ya ukuta, huenda mababu zake ndio waliopanga mawe ya kwanza! Kama si wao kutengeneza na waliofuata kukarabati, leo tungekuwa na rundo la mawe tu.

Tulibishana juma zima. Wengine walisema mchezo bila adui ni kama ugali bila mboga. Ni kweli kwamba zamani uvamizi na wizi wa mifugo ulikuwapo, la sivyo ngome ya nini? Suluhisho lilitoka kwenye kanuni zenyewe. Katika sehemu ya kuchora ramani unaweza kuweka amri ya namna hii: "Likitokea jambo fulani, basi badilisha jambo fulani." Tukaandika hivi. Pande zote zianze zikiwa hazina neno. Pande zisiwe na majina ya makabila, bali ya kazi: wavuvi wa ziwani, wafugaji wa bondeni, wahunzi wa mlimani. Upande wowote ukichukua ng'ombe wa mwingine, ndipo uhusiano wa pande hizo mbili tu ugeuke kuwa uadui. Ukirudisha ng'ombe, uhusiano urudi ulivyokuwa.

Kwa maneno mengine, mtu awe adui kwa kitendo chake, wala si kwa rangi aliyopakwa kabla mchezo haujaanza. Tulipoujaribu kwa punje na daftari, mchezo ulinoga kuliko ule wa kwanza. Sasa mchezaji hana budi kufikiri kama ng'ombe watatu wanastahili vita. Yule msichana ndiye aliyecheza upande wa wahunzi siku ya kwanza, akatushinda sote kwa kuuza majembe na kutovamia mtu yeyote.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, tumejifunza haya. Askari wa tarakilishi hafikiri. Ana hali na kanuni. Njia yake huipata kwa kujumlisha umbali aliokwenda na makisio ya uliobaki. Ushujaa wake hutegemea kuta, malango na vilima alivyochorewa. Na adui wake ni yule aliyeandikiwa.

Hapo ndipo tofauti kati yetu na yeye ilipo. Yeye akiandikiwa kwamba jirani ni adui, hawezi kuuliza "Kwani amenifanyia nini?" Sisi tunaweza. Utakapomsikia mtu mzima akikupangia nani ni mwekundu na nani ni buluu, hasa nyakati za kura, kumbuka kuuliza swali hilo. Asiyeuliza ni punje ya haragwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja hali nne za askari, na kwa kila moja ueleze tundu lake.

2. Katika zoezi la miraba, ongeza lango la pili katika nguzo ya 9. Je, mlinzi mmoja anatosha? Ukiongeza mlinzi wa pili, utamweka mraba gani, na kwa nini?

3. Andika kanuni mbili za "likitokea hili, basi lile" ambazo zingefanya pande mbili zilizokosana zipatane. Majibu mleteeni katibu wa chama kabla ya kufunga shule. Yaliyo bora tutayatia katika ramani, na jina lako litasomwa gwarideni.

Wenu katika kukienzi Kiswahili,
Mwanachama, Kidato cha Tatu.